Mgongo wa Kioo

Wiki ya kwanza walitufundisha kuogopa.
Tulikuwa tisa, ghorofa ya tatu, Dakar,
feni ikikata hewa ileile vipande vilevile,
na Profesa Kandji akaandika ubaoni: TASNIA BUNIFU.
Akatugeukia. "Nani hapa anamjua mtu aliyeshiba kwa hii?"
Tukacheka. Hakucheka.
"Anzeni na sura ya kwanza. Usuli.
Nani alisema nini, mwaka gani, alikosea wapi.
Mtu haingii uwanjani kichwa kitupu."

Nikaandika usuli miezi saba.
Kurasa tisini, tanbihi mia mbili na tatu,
na ndani yake hakuna hata mmoja aliyechafuka mikono.

Ndipo nikapanda treni hadi Rufisque
na hojaji yangu ya maswali arobaini na moja,
kwa Alassane Thioub, mchoraji wa vioo,
karakana yake imebanwa kati ya kinyozi na muuza matairi.
Swali la sita: Mapato yako kwa mwezi?
"Mwezi upi?"
Wa kawaida.
"Huo sijauona. Wewe je, wanakulipa ngapi?"
Nikamwambia: posho ya uzamivu, imechelewa miezi minne.
Akaweka brashi chini, akanisogezea kigoda.
"Basi kaa. Kumbe na wewe ni tasnia."

Nilikaa hadi Machi.
Nilikata vioo, nikajikata kidole gumba,
nikapokea simu za mtu wa hoteli
aliyetaka picha ishirini kwa bei ya kumi,
na ziwe, tafadhali, za Kiafrika zaidi.
Swali la saba sikuliuliza kamwe.

Nilichokiona ni hiki:
huchora kwenye mgongo wa kioo, kinyumenyume.
Hutangulia kile ambacho jicho litakutana nacho mwanzo:
jina lake, kutoka kulia kwenda kushoto,
kisha kope, mboni, kipini cha pua,
uzi wa dhahabu kwenye ukingo wa joho.
Ndipo shavu. Ndipo nguo.
Ile bluu ya nyuma, ule usuli wote, huja mwisho,
kwa brashi pana, bila hofu,
na ikishakauka, hurudi tena kurekebisha mboni.
"Ukianza na bluu," alisema, mdomo umebana sigara isiyowashwa,
"umefunga mlango, na watu wako bado nje."

Nikarudi Dakar. Nikamwambia profesa
sura ya kwanza nitaiandika mwisho.
Alinitazama kama anayehesabu nauli.
"Na mtahini wa nje utamwambia nini?"
Sikuwa na jibu. Hata leo ninalo nusu.
Lakini rasimu hakuichana. Aliandika pembeni, wino mwekundu:
Thibitisha.
Kisha, kwa herufi ndogo zaidi: mboni nimeziona.

Imebaki karatasi moja.
Kamati ya maadili imenirudishia fomu ya ridhaa:
Sahihi ya mshiriki haisomeki. Rudia.
Nimeigeuza juu chini, nimeazima miwani ya mama.
Ni kweli, haisomeki. Herufi zinaelekea zilikotoka,
kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Leo asubuhi nikaibandika kwenye kioo cha dirisha,
uso wake ukitazama barabara,
nami nikasimama ndani, upande wa mgongo.
Jua likapita.
Alassane Thioub.
Limenyooka, hata nukta ya i ipo mahali pake.
Baada ya miaka thelathini mkono haujui njia nyingine.

Sijaibandua. Kamati inakutana Alhamisi.
Nitawaomba waje wasimame upande huu.